Waandishi Wanahitaji Meza Kabla ya Jukwaa

Barua ya wazi kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na kwa Kamati ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu ninaloliomba haliwezi kutimizwa na mmoja wenu peke yake. Naomba maktaba za mikoa ziwe mahali ambapo Mtanzania wa umri wowote, kuanzia mtoto wa darasa la tatu hadi mstaafu, anaweza kwenda na maandishi yake mkononi akakuta watu wa kuyasoma, kuyakosoa na kumsaidia kuyaandika upya. Iwepo warsha ya kila mwezi kwa watu wazima, kambi ya uandishi kwa watoto na vijana katika likizo za Juni na Desemba, na siku maalumu za mwandishi kukutana na wasomaji huko huko mikoani waliko. Na naomba kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya Tuzo yenyewe, wala isiachiwe hisani ya watu wachache wenye moyo.

Tuzo imefanya kazi kubwa, na sipendi hoja yangu isomwe kama lawama. Tangu ilipoanzishwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza kutangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, tumeyaona mambo ambayo waandishi wa Kiswahili waliyangoja muda mrefu. Mshairi anapanda jukwaani mbele ya viongozi wa nchi, mshindi wa kwanza anakabidhiwa shilingi milioni 10, na Serikali inabeba dhamana ya kuchapisha kitabu kilichoshinda ili kiwafikie wanafunzi. Mlianza na riwaya na ushairi, mkaongeza hadithi za watoto, kisha tamthiliya. Nje ya mipaka yetu ipo pia tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo mwaka uliofuata iliwatuza Anna Samwel Manyanza kwa riwaya na Mohammed Ghassani kwa ushairi. Kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili leo hana tena sababu ya kulalamika kwamba hakuna mahali pa kushindana. Lakini tuzo, kwa namna ilivyo, inamkuta mwandishi amekwisha kumaliza. Inaupokea mswada, inaupima, inauchukua au inauacha. Majaji wenye mamia ya kurasa mezani hawawezi kumwandikia kila mshiriki kwamba sura yake ya tatu ilipaswa kuwa ya kwanza, au kwamba wahusika wake wote wanazungumza kwa sauti moja. Aliyeachwa anarudi nyumbani bila kujua kilichomwangusha. Mwaka unaofuata ataleta mswada mwingine wenye kasoro zilezile, au hataleta tena. Hasara hiyo haionekani siku ya sherehe, lakini ipo, na inamwangukia zaidi mtu wa Sumbawanga, wa Lindi au wa Kibondo ambaye hana jirani wa kumsomea.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: uandishi ni kipaji, mtu anazaliwa nacho, huwezi kumkalisha kwenye kiti ukamfundisha. Jibu hilo limezoeleka mno hata halihojiwi, na historia ya fasihi yetu wenyewe inalikanusha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo watunzi walijibizana. Mtu wa pwani alituma beti zake, mtu wa bara akazijibu, wa tatu akaingilia kati kuonyesha palipokosewa vina. Anayechipukia alijifunza kwa kuona wakubwa wakisahihishana hadharani, na naye akasahihishwa. Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akikiri kwa vitendo kwamba utunzi una kanuni ambazo mtu anaweza kuelezwa akazielewa. Kizazi cha tamthiliya cha miaka ya 1960 na 1970, cha akina Ebrahim Hussein na Penina Muhando, kilikulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali ambapo mtu aliandika, wenzake wakaigiza, na maneno yasiyotamkika yakajidhihirisha papo hapo midomoni mwa waigizaji. Huyo Penina Muhando ndiye Profesa Penina Mlama aliyekabidhiwa uenyekiti wa Kamati Tuzo ilipoanza, na hahitaji kuambiwa na mimi thamani ya kuijaribu kazi mbele ya wengine kabla haijaitwa kitabu.

Hata yeye ambaye Tuzo inaitwa kwa jina lake alikuwa mtu wa kurudia kazi. Mwalimu alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na miaka sita baadaye akaitoa upya ikiwa imerekebishwa, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, mwenye mambo ya dola mezani, aliona kwamba mistari aliyokwisha kuichapisha inastahili kupitiwa tena. Kipaji alikuwa nacho, na bado kazi ya mkono wa pili aliiona kuwa ya lazima. Kuirudia kazi kwa jicho la mkosoaji ni jambo linalofundishika kabisa, ila mtu hujifunza kwa kuwaona wengine wakifanya.

Ni vema nieleze ninachokiona akilini nisemapo warsha, kwa kuwa wengi tumezoea nyingine za hotuba ya ufunguzi, mada tatu na picha ya pamoja. Chukulia watu kumi au kumi na wawili wamezunguka meza, kila mmoja ana nakala ya kurasa tano za mwenzao alizozisoma tangu wiki iliyopita. Mwenye kazi anasoma ukurasa mmoja kwa sauti kisha ananyamaza, wala haruhusiwi kujitetea mpaka wengine wamalize. Ikiwa ni tarbia, masikio ya waliopo yanafanya kazi kabla ya macho: ukwapi una mizani nane, utao una tisa, na ulimi wa msomaji umejikwaa mahali hapo hapo. Mtu anapendekeza kufupisha neno, mwingine anasema hapana, ukilifupisha utapoteza kina cha mwisho, bora ugeuze mshororo mzima. Wakibishana hivyo kwa nusu saa juu ya ubeti mmoja, kila aliyekaa pale ameondoka na somo ambalo angelitafuta peke yake kwa mwaka. Ikiwa ni hadithi, wanaulizana kwa nini shangazi wa kijijini anazungumza kama taarifa ya habari, na kwa nini habari ya kifo cha baba imetolewa ukurasa wa kwanza wakati msomaji bado hajampenda baba mwenyewe. Hakuna mada hapo. Kuna kazi, na watu waliokuja kuisaidia iwe bora.

Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Shule zetu zinafundisha insha, na nchi inashiriki mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC kwa wanafunzi wa sekondari. Lakini mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 hana saa za kukaa na aya ya mtoto mmoja. Matokeo yake tunayajua sote: insha inayofunguliwa na jogoo kuwika, ndege kuimba na jua kuchomoza mashariki, kisha safari ya kwenda kwa bibi, kisha "tulifurahi sana". Mtoto amejifunza kwamba kuandika ni kukariri maneno yaliyokubalika. Kambi ya siku tano inaweza kulivunja hilo. Mwambie mtoto aeleze jiko la kwao bila kutumia neno zuri wala baya. Ataandika kuhusu kifuniko cha sufuria kilichopoteza kishikio, kikafungwa kipande cha mti, na kuhusu moshi unaomfanya mdogo wake apikiche macho. Hapo ameanza kuangalia, na anayeangalia vizuri ataandika vizuri, na atasoma vizuri pia, hata kama baadaye atakuwa mhasibu au nesi.

Kwa aliyetaka mfano wa karibu, Kampala si mbali. Mwaka 1995 wanawake wachache wa Uganda, Mary Karooro Okurut akiwa mbele yao, walianzisha chama cha waandishi wanawake kiitwacho FEMRITE. Nguzo ya kazi yao ni kitu cha kawaida kabisa: kukutana Jumatatu jioni, mtu alete alichoandika, kisomwe na kichambuliwe. Wakaongeza uchapishaji, na riwaya za wanachama kama Goretti Kyomuhendo zikatoka kwa mlango wao wenyewe. Mwaka 2007 mwanachama wao, Monica Arac de Nyeko, akashinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi. Miaka 12 ilipita kati ya kuanzishwa kwa chama na ushindi huo. Naitaja miaka hiyo kwa makusudi, maana katika mipango yetu tumezoea kudai matokeo kabla mwaka wa fedha haujaisha. Tofauti moja ipo: wao waliandika zaidi kwa Kiingereza, lugha yenye wachapishaji na vyuo vya uandishi dunia nzima. Mwandishi wa Kiswahili hana pa kukimbilia ng'ambo. Asipokuzwa hapa, kwenye lugha yenyewe, hatakuzwa popote.

Sasa kwa nini nawagongea mlango ninyi wa maktaba, na si vyama vya waandishi au vyuo vikuu peke yao? Kwa sababu ninyi mna nyumba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, nchi ikitimiza miaka sita ya uhuru, na tangu hapo mtandao wenu umefika mikoa mingi. Mna meza, viti, umeme na rafu, na mna kitu ambacho hoteli haina: mtu yeyote anaruhusiwa kuingia bila kuulizwa amealikwa na nani. Mna chuo chenu cha ukutubi Bagamoyo, mahali panapofaa kabisa kuwaandaa wakutubi na walimu wa kuendesha warsha hizi. Ninyi pia ndio mnaotoa namba za ISBN, kwa hiyo kila mwaka mnajua nani amechapisha nini hapa nchini, hata yule aliyejichapishia nakala 200 Musoma na kuziuza mkononi. Hakuna taasisi nyingine yenye majina hayo mezani. Na hebu tazameni palepale Bagamoyo: ngoma, muziki na maigizo vina chuo cha taifa tangu 1981, na tamasha la kila mwaka linalowaleta wasanii na wananchi pamoja. Zanzibar ina tamasha la filamu tangu 1998 na lile la muziki la Sauti za Busara tangu 2004. Fasihi andishi, ambayo ndiyo imeibeba lugha ya taifa vitabuni na madarasani, haina chuo wala tamasha lenye mizizi ya namna hiyo. Mkahawa wa vitabu wa Soma, pale Mikocheni, umejitahidi kuwakutanisha waandishi na wasomaji, na unastahili shukrani. Lakini Mikocheni ni Dar es Salaam, na nchi ni kubwa.

Pingamizi la fedha nalichukulia kwa uzito, maana ndilo litakaloamua. Warsha zetu zimezama katika posho. Bajeti inakwenda kwenye ukumbi, chakula na bahasha ya nauli, na siku wafadhili wanapoondoka, warsha nazo zinakufa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, unatupa pande zote mbili za somo hilo. Uliwafunza waandishi, wachoraji na wachapishaji, ukanunua sehemu ya nakala zilizochapishwa na kuzipeleka mashuleni, hivyo mwandishi akajua kitabu chake kitasomwa na mchapishaji akajua hatapata hasara. Ni katika mipango bora ya vitabu tuliyowahi kuwa nayo. Lakini uliegemea sana fedha za nje, hasa za shirika la CODE la Kanada, na jambo la namna hiyo haliwezi kuwa mali ya taifa mpaka taifa lilichangie. Ninachopendekeza ni cha bei ndogo kwa makusudi: mshiriki hapewi posho, halipi ada, anakuja kwa miguu au kwa daladala yake kama aendavyo msikitini au kanisani. Gharama ya kweli ni karatasi za nakala, chai, ujira wa heshima kwa mwongozaji, na nauli na malazi ya mwandishi aliyealikwa. Huyo wa mwisho alipwe, tena alipwe vizuri. Tumewazoesha waandishi kuitwa kwenye hafla kwa ahadi ya "kujulikana", kana kwamba kujulikana kunalipa kodi ya nyumba. Kambi za watoto zitahitaji zaidi, hasa chakula cha mchana na usalama, na hapo halmashauri, wazazi na wafanyabiashara wa mkoa wanaweza kuombwa kuchangia kambi yao wenyewe. Kinachochangwa na watu wa mahali hapo wanakilinda.

Kuna wanaosema tunawahitaji wasomaji, waandishi wapo tele. Kweli vitabu vya hadithi haviuziki, na maktaba nyingi za mkoa mchana zimejaa wanafunzi waliofungua madaftari yao wenyewe wakijiandaa kwa mitihani, vitabu vya rafuni vikiwa havijaguswa. Ila mimi sioni kwamba kazi hizi mbili zinagombea nafasi. Anayejaribu kuandika riwaya ataanza kusoma riwaya kwa njaa, kwa sababu anatafuta namna wengine walivyotatua shida iliyomkwamisha jana usiku. Na mwandishi anapofika Songea, akasoma sura moja, akaulizwa maswali na watu wa Songea, wale watu wataondoka na kitabu, iwapo kitabu kipo. Hapa naomba sharti moja lisilovunjwa: mwandishi asialikwe mkoa wowote kabla nakala za vitabu vyake hazijafika kwenye maktaba hiyo angalau mwezi mmoja mapema. Mara nyingi watu wanakutanishwa na mwandishi ambaye hakuna aliyemsoma, maswali yanakuwa "ulianza lini kuandika" na "unatushauri nini vijana", na jioni inapotea.

Wengine watasema vijana wameshajipanga wenyewe mitandaoni, wanaandika hadithi za sehemu kwa sehemu, wana maelfu ya wafuasi. Nawaheshimu, na wengi wao wana uwezo wa kumshika msomaji ambao wahitimu wa vyuo hawana. Lakini huko sifa zinakuja haraka na ukosoaji makini hauji kabisa. Mfuasi anataka sehemu ya 17 leo usiku, hana muda wa kukwambia kwamba ya tano ingefutwa. Hao hasa ndio ningependa kuwaona kwenye meza ya maktaba, wakae na mzee anayejua bahari zote za ushairi na ambaye hajui kutuma faili kwa simu. Mchanganyiko wa umri ndio utajiri wa jambo hili. Tuliwahi kuuamini: kampeni za kisomo za miaka ya 1970 hazikuishia kufundisha watu wazima herufi, zilikwenda na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Mwanza, kwa imani kwamba aliyejua kusoma akiwa na miaka 50 anahitaji maandishi, na ana ya kwake ya kusema.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini: nyumba ya Serikali itamruhusu mwandishi aandike nini? Ni swali halali. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu za Kiswahili. Kazi iliyowatisha wakubwa wa jana ndiyo wanayoifundisha wakubwa wa leo. Kwa hiyo mwongozo wa warsha uandikwe wazi kwamba hakuna mada inayopangwa kutoka juu, hakuna ripoti ya nani amesoma nini, na mkutubi anasimamia utaratibu wa meza tu, maudhui hayamhusu. Kwa watoto iwepo tahadhari inayolingana na umri wao, ambayo wazazi waielewe tangu mwanzo. Bila uhakika huo watakaokuja ni waandishi wa mashairi ya kusifu peke yao, na hao hawana upungufu wa majukwaa.

Waheshimiwa, siombi mikoa yote kwa siku moja. Chagueni maktaba nne za kuanzia, mbili kati yake ziwe mbali na reli na mbali na ziwa, na Tuzo itenge sehemu ya bajeti yake kwa ajili hiyo kwa miaka mitano bila kukatiza. Wajumbe wa Kamati na washindi wa miaka iliyopita waombwe kwenda kukaa mezani, kila mmoja mara moja kwa mwaka. Walioleta miswada wakaachwa waandikiwe barua ya kuwaalika kwenye warsha iliyo karibu nao, hata kama ni mstari mmoja tu. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na vyama vya waandishi waletwe kama washirika. Tangazeni majina ya maktaba hizo nne hadharani, pamoja na tarehe ya warsha ya kwanza, na kambi ya watoto ifunguliwe likizo ya Desemba ijayo.